Mtoto wa mbwa wa wiki tano, mnyororo na pilipili: jibu kwa dada wa Mikanjuni

"Daktari, asalaam aleikum. Naishi Mikanjuni hapa Tanga, nyumba ni yetu. Mbele kuna ukuta na geti, nyuma michongoma tu, tena imetoboka. Mume wangu ni dereva wa lori, hupita wiki mbili tatu hayupo. Mwezi uliopita vibaka waliingia uani wakabeba mtungi wa gesi na pampu ya maji. Sasa kuna kijana anauza watoto wa German Shepherd, anasema wana wiki tano, wameshaanza kula ugali, hawana shida. Majirani wananiambia akikua nimfunge mnyororo mchana kutwa na nimtilie pilipili kwenye chakula ndipo atakuwa mkali, na nisithubutu kuchukua jike. Nina watoto wawili, wa miaka minne na tisa. Mama mkwe tunaishi naye, hataki mbwa kwa ajili ya swala zake. Kijana anataka jibu Jumamosi. Nimchukue, au nitafute wa kienyeji? Na ni kweli wa kienyeji hahitaji chanjo?"

Waalaikum salaam, dada yangu, na poleni kwa mlichochukuliwa. Mtungi na pampu vinanunulika tena. Kuamka usiku wa manane kila bati likilia ndiko kunakochosha, na naona ndiko kulikokufikisha kwenye mbwa. Kwa kuwa unangojewa Jumamosi, nianze na jibu: usimchukue huyo wa wiki tano, hata ukipewa bure. Ukiweza kuziba upande wa nyuma, na bi mkubwa, yaani mama mkwe wako, akaridhia, mbwa wa kienyeji aliyetimiza wiki nane anakufaa kuliko German Shepherd. Moja kati ya hayo mawili likishindikana, nyumba yako haina nafasi ya mbwa kwa mwaka huu, na yapo ya kufanya badala yake.

Hilo la pilipili nalisikia kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, na limewatesa wanyama wengi. Pilipili haifiki kwenye tabia ya mbwa. Inaishia kuchoma ulimi, koo na utumbo. Mnyama anaharisha, anakonda, anashinda na maumivu. Mbwa mwenye maumivu humuuma aliye karibu naye, na anayekuwa karibu naye mchana ni mwanao wa miaka minne. Kibaka yuko kwake amelala. Mambo mengine ya namna hiyo, kama kumpiga, kumshindisha njaa, kumvutisha bangi au kumsogezea nyigu puani, yote huzaa woga. Mbwa mwoga akiona upenyo hukimbia, asipouona huuma, na mwizi mzoefu anajua kumwachia upenyo. Juu ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahesabu ukatili kwa mnyama kuwa kosa.

Mbwa hulinda pale anapopaona ni pake na watu anaowaona ni wake. Akishakaa na familia, akalishwa na mkono anaoujua, akaijua milango na sauti za nyumba, mguu mgeni unamshtua naye anabweka. Huko kubweka ndiko unakokutaka. Vibaka wa mtaani huchagua uwanja wenye giza na kimya, na kelele huwaharibia mpango kabla ya meno kuhitajika. Mbwa wa kurarua watu ni mzigo mwingine kabisa: siku moja atamrarua mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na wewe ndiye utakayesimama mbele ya mjumbe, polisi na mzazi mwenzio.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hulinyamazia. Mtoto wa mbwa halindi kitu. Huanza kubweka kwa maana akifika miezi sita hadi tisa, na kujiamini kwa mbwa mzima humjia kati ya mwaka mmoja na miwili. Ukimnunua Jumamosi hii, vibaka hawatamwogopa hadi mwakani. Kwa hiyo taa ya nyuma, kofuli ya stoo na ile michongoma ni mambo ya wiki hii, mbwa awepo asiwepo.

Sasa mnyororo. Mbwa akikutana na kitu asichokielewa huwa na njia tatu: asogee mbali, asimame atazame, au ashambulie. Ukimfunga umemwondolea ya kwanza. Kila mtoto anayepita mbio, kila mgeni anayeinama kumtazama, anamkuta mnyama asiye na pa kwenda, na baada ya miezi michache ile njia ya tatu inakuwa mazoea. Ndiyo maana mbwa aliyezoea kufungwa huwa mwepesi wa kumuuma mtoto wa nyumba hiyohiyo au wa jirani. Halafu mbwa aliyefungwa kutwa hubwekea mbuzi, bodaboda, jani la mnazi. Mwezi wa pili mmeshazoea, hamuamki tena. Mwizi naye haoni tabu: pale mbwa anapozunguka siku zote majani huisha na udongo hubaki mtupu, na mwisho wa ile duara ndio mwisho wa mnyororo.

Wanaofanya vizuri humjengea banda lenye kivuli na hewa, la kumtosha kusimama, kujigeuza na kujinyoosha, maji yakiwa ndani. Bati peke yake juani ni tanuri, kwa hiyo liwekwe chini ya mwembe au liezekwe makuti. Anashinda humo wakati wa pilikapilika za mchana, jioni watoto wakishaingia ndani anafunguliwa uwanjani. Asubuhi mtu mzima anamtembeza kidogo kwa kamba. Ni kazi ya kila siku, na kwa nyumba yako itakuwa kazi yako, maana baba yuko barabarani. Jiulize leo kama utaiweza ukiwa na homa, ukiwa na msiba Muheza, ukiwa umechelewa sokoni. Mbwa anayetunzwa huishi miaka kumi hadi kumi na mitatu. Huyo mdogo wako atakuwa anamaliza kidato cha nne na mbwa bado yupo.

Turudi kwenye zile wiki tano, maana hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya kumi na nne, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kupokea ulimwengu. Anachokutana nacho kwa wema wakati huo hakimtishi ukubwani. Asichokutana nacho humtia hofu kwa miaka. Nusu ya kwanza ya muda huo mwalimu ni mama yake na ndugu zake. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akimng'ata mama, mama anamkaripia. Hivyo ndivyo anavyojifunza kuuzuia mdomo wake. Ukimtoa wiki ya tano, somo limekatika katikati, nawe unampeleka kwa mtoto wa miaka minne akiwa na meno kama sindano na asiyejua kipimo. Baadhi yao hurekebishika kwa uvumilivu mwingi, lakini sioni kwa nini ujitwike hilo.

Kuanza kula ugali hakumaanishi ameacha ziwa. Muuzaji huwatoa mapema kwa sababu ziwa la mama ni bure, na likianza kukauka gharama ya chakula inakuja kwake. Akikubadilishia maneno Jumamosi kwamba kumbe wana miezi miwili, mfungue mdomo. Meno ya maziwa huanza kuchomoza karibu wiki ya tatu, na kufikia wiki ya nane kwa kawaida yote 28 yametoka. Ukikuta magego ya nyuma bado ni fizi tupu, huyo hajafika.

Na je, ni German Shepherd kweli? Wiki ya tano kwa macho ni vigumu kujua. Masikio ya aina hiyo husimama baadaye, kati ya miezi mitatu na sita, na mtoto wa kienyeji mwenye rangi ya kahawia na mgongo mweusi hufanana naye sana. Dai kumwona mama yao, umwone akiwanyonyesha, utazame kama anakaribia watu au anajificha, maana sehemu ya tabia hurithiwa. Ukiambiwa mama yuko Korogwe, amerudishwa kwa mwenyewe, ameuzwa, shukuru na uondoke.

Tuseme basi ni halisi. Ni mbwa mwenye akili nyingi na mwepesi wa kufundishika. Kumsifu ni haki yake. Aina hii ilijengwa Ujerumani kuelekea mwisho wa karne ya 19 kwa kazi ya kuchunga kondoo, na dume lake huwa na kilo 30 hadi 40. Ana manyoya ya tabaka mbili, la ndani likiwa zito kwa ajili ya baridi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo tu. Joto analitoa kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na koo lenye majimaji, maji yanageuka mvuke, mvuke unaondoka na joto. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, kama Tanga ya Februari na Machi kabla ya masika, mvuke hautoki upesi. Mnyama anahema, anahema, na joto halishuki. Kawaida mwili wake uko kwenye nyuzi 38 hadi 39. Ukivuka 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Wapo wanaowafuga vizuri hapahapa mjini, Raskazone kwa mfano, kwenye viwanja vyenye miti mikubwa, upepo wa bahari na mtu aliyeajiriwa kuwatembeza alfajiri. Kwa uwanja wako, na mtu mzima mmoja mwenye mikono iliyojaa, namwonea huruma mbwa huyo. Akili yake isipopewa kazi itajitafutia yenyewe, na atachimba, atatafuna, atazunguka mle uani bila kutulia. Wengi pia hurithi ubovu wa nyonga unaowatia kilema wakizeeka.

Halafu kuna chakula. Mbwa wa kilo 20 anayeishi kawaida huhitaji karibu kalori 1,000 kwa siku. Wa kilo 35 huhitaji karibu 1,600. Kwa vyakula vya kwetu, huyo wa kilo 20 anatosheka na kama gramu 200 za unga wa mahindi na gramu 100 za dagaa wakavu kwa siku. Piga hesabu ya mwezi: kilo sita za unga na kilo tatu za dagaa. Huyo mwingine ni kilo tisa za unga na karibu kilo tano za dagaa, na anapokuwa mdogo bado anakua, mifupa inadai zaidi. Ongeza mboga kidogo iliyochemshwa, maini au utumbo ukipatikana. Ugali mtupu unashibisha tumbo tu. Mbwa anayekula huo peke yake manyoya yanakatika na vidonda havifungi. Dagaa wetu wa bahari huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na uwasuuze kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo.

Mbwa wa kienyeji ni uzao wa waliostahimili joto hili kwa vizazi vingi. Manyoya mafupi, mwili mwepesi wa kilo 15 hadi 20, masikio macho, anashtuka haraka. Akilelewa na watu tangu mdogo anakuwa mlinzi mzuri na mpole kwa wa nyumbani. Watu humdharau kwa sababu wamezoea kumwona jalalani, ilhali yule wa jalalani ni mbwa aliyetupwa na mtu.

Ila hilo la kwamba wa kienyeji hahitaji chanjo, dada yangu, lifute kabisa, na uwafutie na majirani. Kichaa cha mbwa hakiulizi kabila la mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kirusi chake kinakaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa akiuma, au akilamba kidonda, kirusi kinaingia kwenye nyama, kisha kinashika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida ni ya miezi miwili mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au mwaka. Jeraha likiwa karibu na kichwa safari ni fupi, na watoto, kwa kuwa ni wafupi, ndio huumwa usoni na shingoni. Katika safari hiyo yote mtu hajisikii chochote. Kikishafika kwenye ubongo, akaanza kuogopa maji na kuweweseka, hakuna dawa ya kumrudisha; karibu wote hufa.

Ile safari ndefu ndiyo nafasi yetu ya kuokoa. Mtu akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, uangalie saa. Kirusi hiki kimevikwa ganda la mafuta, na sabuni hulivunja, hivyo usione kuosha ni jambo dogo. Usipake mafuta ya taa, majivu, vitunguu wala kubandika jiwe jeusi. Kisha hospitali siku hiyohiyo, Bombo au kituo kilicho karibu nawe, na uulize kama chanjo ipo. Haipo, waambie wakuelekeze ilipo leo, usisubiri kesho. Wengi hukwepa kwa kuogopa zile sindano za tumboni walizosimuliwa na wazee. Hizo ni za zamani. Siku hizi ni sindano chache za begani kwa tarehe zilizopangwa, na jeraha baya huongezewa kingamwili inayochomwa kuzunguka kidonda. Zimalizwe zote, hata kidonda kikipona.

Mbwa aliyeuma naye asiuawe na kufukiwa kwa hasira. Kama anashikika bila hatari, afungiwe na bwana mifugo ajulishwe, atazamwe kwa siku kumi. Mbwa mwenye kirusi kwenye mate siku aliyouma huonyesha ugonjwa au hufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima siku zikaisha, madaktari wanaweza kuamua kusitisha chanjo zilizobaki. Lakini mtu huanza chanjo yake siku ya kwanza, hangojei mbwa.

Kuzuia yote hayo ni sindano moja ya mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha kurudia kila mwaka. Ukikuta kampeni ya chanjo mtaani naye ni mdogo zaidi ya hapo, mpeleke tu na baadaye arudiwe. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nawe uiulizie ofisi ya mifugo ya kata yako ikikaribia. Chanjo usiinunue dukani ukajichomea. Hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano, na chupa iliyopitia mfuko wa suruali juani ni maji tu.

Ugonjwa wa pili wa kuuogopa ni parvo. Hauwashiki watu, ila huua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu na kutapika ndani ya siku chache. Wiki za mwanzo mtoto hulindwa na kinga ya maziwa ya mama, na kinga hiyohiyo huizuia chanjo isishike. Inapungua polepole, na haijulikani kwa hakika itaisha wiki gani, ndiyo sababu chanjo hii huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki ya kumi na sita. Daktari akikuita mara tatu, usimwone anatafuta pesa. Kirusi cha parvo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo kama uani kwenu au kwa jirani aliwahi kufa mtoto wa mbwa kwa kuharisha damu, niambie kabla hujaleta mwingine.

Minyoo nitaitaja kwa ufupi kwa ajili ya wanao. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo au huipata kwenye ziwa, hata wakionekana wanene. Hupewa dawa kila wiki mbili hadi wiki ya kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali na wanapochezea, hasa kwenye mchanga, maana vibuu vya minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu mitupu. Kupe watafute kila wiki masikioni na kati ya vidole.

Kuhusu jike, majirani wamekutia hofu ya bure. Jike hulinda sawa na dume, mara nyingi hazururi sana, na kwa nyumba yenye watoto mimi humpendelea. Tatizo lake ni uzazi: hupata joto karibu kila miezi sita, madume ya mtaa mzima hupiga kambi getini, na baada ya siku kama 63 una vijibwa sita usio na pa kuvipeleka. Suluhisho ni upasuaji wa kumtoa kizazi akishafika miezi sita au zaidi. Si kweli kwamba lazima azae mara moja kwanza. Zile sindano za kuzuia mimba zinazouzwa rahisi mimi siziungi mkono, kwa kuwa zikirudiwarudiwa huongeza hatari ya mfuko wa uzazi kujaa usaha. Dume naye ahasiwe. Atapunguza kuzurura na kupigana, na kubweka kwake hakutapungua.

Sasa bi mkubwa. Mimi si sheikh, na fatwa sitatoa. Ninachojua kama mtu wa pwani ni kwamba kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi hapa, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Najua pia kwamba hadithi zimeruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na wanazuoni wengi wamepima mbwa wa kulinda nyumba kwa mizani hiyo. Mwombe mama mkwe mwende pamoja kwa sheikh anayemwamini yeye, asiwe uliyemchagua wewe. Akiridhika, yaweke mambo wazi tangu siku ya kwanza: mbwa haingii ndani wala barazani, ana bakuli lake na ndoo yake, banda liko mbali na kamba ya nguo na mahali pa kutawadhia, na anayemhudumia ana kanga au dera lake la kazi hiyo. Akikataa, mheshimu. Nimeona nyumba ambazo mbwa aliletwa kwa ubishi, na anayelipa huwa ni mbwa: anamwagiwa maji ya moto, anasahauliwa chakula, mwisho anapakiwa kwenye bajaji na kuachwa barabara ya Pangani.

Kuziba ile michongoma iliyotoboka ni sharti, si ushauri tu. Mbwa anayetoka usiku hugongwa, hugombana na mbwa asiyejulikana chanjo yake, hula kuku wa watu. Na alfajiri, adhana ikishaadhiniwa, wazee wanatembea gizani kwenda msikitini. Mbwa wako akiwazingira njiani umewaudhi wanaoswali na umejitafutia uhasama na mtaa mzima, kwa haki yao. Ziba kwa waya au mabanzi, chini ufukie kidogo kwa kuwa mbwa huchimba. Gharama ya uzio itangulie ya mbwa.

Ikiwa mbwa hatawezekana, fikiria kanga, wale ndege. Wanalala juu ya mti au banda, wakishtuliwa hupiga kelele za kuamsha jirani wa tatu, mayai yao mnakula, na bi mkubwa hatakuwa na neno nao.

Mwanao wa miaka minne asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata mpole wa namna gani. Wafundishe wote wawili: mbwa anayekula haguswi, aliyelala haamshwi, mbwa mgeni akija hukimbii, unasimama kimya mikono chini.

Na kuna hali ambazo maandishi hayatoshi, mnyama aonekane siku hiyohiyo: kuharisha damu au kutapika kwa mtoto wa mbwa, fizi zilizopauka, homa na uchovu baada ya kupe, macho kufunikwa ukungu hasa akiwa ametoka mashambani kwenye mbung'o, kuhema kusikokoma. Kwa huyo anayehema, mweke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee ukiwa njiani kumleta, barafu usitumie. Dawa zako za maumivu, panadoli au diklofenaki, usimpe hata nusu. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, mkali akiwa mpole zamani au mpole kupita kiasi, mate yakimtoka, usimguse. Funga mlango, watoe watoto, piga simu ofisi ya mifugo.

Kwa Jumamosi, mwambie yule kijana awaache watoto kwa mama yao wiki tatu zaidi, na kwamba hata baadaye hutachukua bila kumwona mama. Kwa wa kienyeji, ulizia kwa watu unaowajua ambao jike wao anatunzwa na amechanjwa. Ofisi ya mifugo ya kata mara nyingi inajua nani ana watoto wa mbwa. Subiri mume wako awe nyumbani angalau juma la kwanza, mbwa amjue naye kama mwenye nyumba, la sivyo atarudi safari usiku na kukutana na mlinzi asiyemtambua. Siku ya kumchukua, usipitilize nyumbani. Mpitishe kwanza kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, uje na kinyesi chake kidogo cha asubuhi kwenye mfuko, na uombe kadi ya chanjo yenye jina, tarehe na muhuri.